Usifagie Kwanza

Swali la kwanza aliloniuliza daktari wa mifugo lilinishinda. "Choo chake kilikuwaje, mama?" Nikamwambia kibaya. "Kibaya vipi?" Kibaya tu, cha damu, kinanuka. Akataka kujua damu ilikuwa nyekundu au nyeusi, ilichanganyika na choo au ilikaa juu juu, kulikuwa na kamasi, ameharisha mara ngapi tangu jana, na kipi kilianza, kutapika au kuhara. Nimesimama na boksi mikononi, Shaba amelala ndani kama kitambaa kilicholowa, na kwa yote hayo jibu langu ni moja: nilishafagia. Nimefagia, nimemwaga maji, nimetupia mchanga, nimechoma na udi juu yake.

Ilikuwa mwezi wa nne, masika yamekolea. Naishi Tanga, Ngamiani, kwenye ile mitaa ya barabara zenye namba, na kazi yangu ni kushona nguo hapo kibarazani kwangu. Mtaani kwetu ukifuga mbwa lazima ujieleze. Paka haulizwi. Anaingia hadi chumbani, analala juu ya vitambaa vya wateja, hakuna anayefungua mdomo. Mbwa mate yake ni najisi, akiramba chombo kinaoshwa mara saba na mojawapo ni kwa udongo. Lakini tuna shamba la mihogo na mahindi upande wa Pongwe, ngedere na nguruwe pori hawatuachii kitu, na mbwa wa kulinda shamba ana ruhusa yake. Ndivyo tulivyokuwa na Bobi, mbwa mtu mzima, kazi yake shamba, na akija mjini analala uani nyuma ya choo. Shaba tulimleta akiwa na kama wiki tisa, aje kumrithi mzee wake. Jina alilipata kwa rangi yake.

Siku ya sita tangu afike akaugusa ugali kwa pua akauacha. Usiku akatapika povu la njano. Asubuhi akaanza kuhara, kwanza uji, baadaye maji, kufikia alasiri ni maji yenye damu na harufu ambayo mpaka leo nikiisikia popote nageuka. Wifi yangu akaja na ushauri wake: maziwa na kijiko cha mafuta ya nazi, yanafunga tumbo. Nikampa. Akayatapika yote. Nikaongeza kidonge nusu cha metronidazoli kilichobaki kabatini tangu mwanangu alipougua tumbo, nikakiponda kwenye maji nikammiminia mdomoni kwa nguvu. Nikiyakumbuka hayo sasa najionea haya. Maziwa yanazidisha kuhara kwa tumbo lililokwisha jeruhiwa, kidonge kile kirusi hakikigusi, na kummiminia maji mnyama anayetapika ni kucheza na mapafu yake, maana yakipotea njia ni maradhi mengine juu ya yale.

Na kuna baya kuliko hayo. Nilimshuku jirani.

Wiki moja kabla, jirani wa ukuta wa pili alikuwa amelalamika kwamba mbwa wetu wanambwekea alfajiri akienda msikitini. Hakufoka, alisema kama watu wazima wanavyosema. Shaba alipoanza kutoa damu, kichwani mwangu likaja neno moja tu: sumu. Mtaani kwetu mbwa akifa ghafla hilo ndilo jibu, huulizi la pili. Nikiwa bombani nimejaza ndoo, nikasema kwa sauti ya kusikika kwamba kuna watu swala tano hawakosi lakini roho zao nyeusi. Sikutaja jina. Bombani hakuhitajiki jina. Kufikia magharibi maneno yalishafika yalikokuwa yakienda, naye akaja mpaka kibarazani, akasimama, hakukaa. "Fundi," akasema, "mbwa mimi simpendi, sikufichi. Lakini niweke sumu kwenye uchochoro ambao wanangu wanacheza? Wewe unanijua miaka mingapi?" Sikumjibu. Nikaendelea kukanyaga cherehani, na kitambaa hakikuwa hata chini ya sindano.

Siku ya tatu ndiyo nikaamua kumpeleka Shaba kwa daktari. Bajaji mbili zilikataa kubeba mbwa. Ya tatu ilikubali kwa nauli maradufu, na sharti boksi nilifunike kwa khanga ili abiria atakayefuata asijue. Daktari akamtazama fizi, nyeupe kama chaki. Akambinya ngozi ya shingoni akaiachia, ikabaki imesimama kama pindo lililopigwa pasi, hairudi. Akachukua kijiti cha pamba, akapata kidogo cha kupima (kwangu nilishafagia, huko nyuma yake kilikuwa bado kinatoka), akakichovya kwenye dawa, akadondoshea kwenye kipimo kidogo kama kile cha ujauzito. Tukangoja. Mistari ikatoka miwili.

"Parvo," akasema.

Alihangaika kutafuta mshipa wa kuwekea dripu, miguu yote miwili ya mbele, maana mwili ukikauka mishipa nayo inajificha. Akaupata. Maji yakaanza kuingia, na kwa saa moja hivi nikajidanganya kwamba Shaba amefumbua macho vizuri zaidi. Alikufa kabla ya isha.

Daktari alisomea Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, ana subira ya kufundisha. Kwamba nimechelewa nililijua mwenyewe, hakunisukuma nalo. Alinieleza kilichotokea. Parvo si maradhi ya kale. Ilitambuliwa mwaka 1978, na ndani ya takribani miaka miwili ilikuwa imeshazunguka dunia. Ina undugu na kirusi cha paka kinachosababisha panleukopenia, ambacho nacho huharisha paka hivyo hivyo. Kirusi cha parvo kinapoingia kwa mbwa hukimbilia seli zinazozaliana kwa kasi. Utando wa ndani wa utumbo ni wa namna hiyo, unajitengeneza upya kila baada ya siku chache, kama nguo ambayo fundi haondoki juu yake. Kirusi kinamkata mikono yule fundi. Utando wa zamani unachakaa na mpya hauji, ukuta unabaki wazi, bakteria wa tumboni wanapenya kwenye damu. Na kwa kuwa kirusi kinashambulia pia uboho wa mifupa, zile seli nyeupe za kupambana na bakteria hao zinakuwa hazipo. Mnyama anakufa kwa kukaukiwa maji na kwa sumu ya bakteria. Mbwa anayewahishwa, akapata dripu, dawa ya kuzuia kutapika, antibayotiki na chakula kidogo kidogo mapema, mara nyingi anapona. Anayekaa nyumbani na maziwa na mafuta ya nazi mara nyingi haponi.

Nikamwambia lakini mbwa wetu wanachanjwa kila mwaka. Akaniuliza chanjo gani. Ile ya kampeni, wanaokuja na meza shuleni, tunapanga foleni na kamba. Akatikisa kichwa. Ile ni ya kichaa cha mbwa, basi. Ya parvo ni chupa nyingine, aghalabu huchanganywa na ya homa ya mbwa na maradhi mengine, na unainunua mwenyewe. Miaka yote nilikuwa najiona mfugaji wa kupigiwa mfano kwa sababu ya kadi moja.

Bei yake, nilipouliza, ilikuwa sawa na kushona sare mbili za shule.

Kumwomba radhi jirani kulinichukua siku nne, na sikupata namna nzuri ya kufanya hivyo. Nilipika sinia la vitumbua nikabisha hodi kwake, nikamwambia ulikuwa ugonjwa, una jina, daktari kauona kwenye kipimo, mimi nimekukosea. Akachukua vitumbua. Akasema sawa. Mkewe ndiye aliyeniambia baadaye kwamba kilichomuuma si kusingiziwa, ni kusingiziwa bombani.

Likabaki suala la uani. Kile kirusi hakifi kwa sabuni, wala kwa dawa za sakafu zenye harufu nzuri. Kinaweza kukaa miezi kwenye udongo wenye kivuli, na mwaka kikafika. Kinachokiua ni jiki: kipimo kimoja kwa maji vipimo thelathini, juu ya sakafu iliyokwisha safishwa, na uiache dakika kumi ndipo usuuze, maana uchafu unaimaliza nguvu jiki kabla haijafika kwenye kirusi. Saruji niliiosha. Udongo huwezi kuuosha. Tulikwangua tabaka la juu tukalizika, tukakata matawi ya mpera ili jua lifike, na daktari akatuambia tusilete mtoto mwingine wa mbwa pale kabla mwaka haujapita, labda awe amekwisha kamilisha chanjo zake.

Jioni ileile nilichukua daftari la mapimo ya wateja, la kurasa 96, nikaligeuza nikaanza upande wa nyuma. Mbele vifua, viuno na mabega. Nyuma, mambo ya wanyama: tarehe, kala nini, katoa nini, rangi, ulaini, mara ngapi. Mume wangu alicheka sana. Nilimwambia mimi kazi yangu ni kupima na kuandika, kwa nini nilishindwa kupima jambo lililokuwa mbele ya miguu yangu?

Polepole nikajifunza kusoma. Choo cheusi cha kung'aa kama lami maana yake damu imetoka juu, tumboni au kwenye utumbo mwembamba, imepikwa njiani. Damu mbichi nyekundu na kamasi, mnyama anachuchumaa mara nyingi anatoa kidogo kidogo kwa kujikamua, hapo tatizo liko chini, utumbo mpana. Choo kingi cha maji, mara chache kwa siku, na mnyama anakonda huku anakula, ni utumbo mwembamba. Kisha kuna kutapika na kuna kucheua, na tofauti hii wanawake tunaijua kwa watoto wachanga ila hatukuwahi kuihamishia kwa paka. Mtoto akicheua, maziwa yanarudi tu, tumbo halina habari. Akitapika, mwili mzima unajikunja. Mnyama anayecheua chakula kizima, bila tumbo kusukuma, shida yake iko kwenye umio, hata tumboni chakula hakijafika. Daktari akisikia hayo kwenye simu tayari ameshaondoa nusu ya mambo aliyokuwa akiyadhania.

Daftari lilikuwa na miezi saba lilipokuja suala la Kitenge.

Kitenge ni paka wangu wa kibarazani, wa mabaka matatu, anayelala ndani ya kapu la vipande. Paka na uzi hawahitaji kutambulishwa, nami siku zote niliona ni mchezo mzuri, wateja wanapenda. Jumapili hakuja kula dagaa. Jumatatu nikaandika: katapika mara tatu, ute mweupe, mara ya pili na majani; choo hakuna. Jumanne: kajificha nyuma ya kabati, katapika mara nne, choo hakuna, mate yanamtoka. Alasiri alipoinua mkia nikaona uzi wa buluu umechomoza nyuma, kama inchi mbili. Ulikuwa uzi wangu mwenyewe, wa sare za sekondari ya jirani, rangi ile naijua usingizini.

Mume wangu akasema vuta. Ndivyo mtu yeyote angesema, na mkono wangu ulikuwa njiani. Nikasita kwa sababu ya daftari tu: siku mbili bila choo na kutapika kunaongezeka, hili halijawahi kuandikwa. Nikapiga simu, nikasoma mistari yangu mitatu. Daktari akapandisha sauti: "Usivute! Wala usikate. Mtie kwenye boksi umlete sasa hivi."

Alipomfungua mdomo na kuuinua ulimi kwa kidole akanionyesha. Uzi ulikuwa umejizungusha kwenye mzizi wa ulimi, umekazana mpaka umekata nyama. Ncha moja imeshikwa pale juu, iliyobaki imeteremka tumboni na utumboni. Akatafuta namna ya kunieleza kinachotokea ndani, akaanza na maneno ya kitaalamu, nikamkatiza. Nilishaelewa kuliko alivyojua. Ukitaka kukusanya rinda la sketi ya mtoto unapitisha uzi kwa mishono mirefu, unaifunga ncha moja, unavuta ya pili, na kitambaa chote kinajikunja kwenye uzi. Utumbo unasukuma ule uzi uende chini kama unavyosukuma kila kitu, uzi umefungwa ulimini hauendi, basi utumbo ndio unaopanda juu ya uzi, unajikunja marinda. Na uzi uliokaza juu ya kitambaa laini, ukizidi kuvutwa, unakikata. Ningevuta ule uzi wa buluu ningemchana matumbo kwa mkono wangu, kwa nia njema kabisa.

Alimpasua jioni ile. Alikata kwanza ule uzi wa ulimini, kisha akafungua tumbo sehemu moja na utumbo sehemu mbili, akautoa vipande vipande. Alinionyesha kwenye kisahani: kitu kisichojaza kijiko. Sindano haikuwepo, nilishukuru Mungu, maana kuna paka humeza na sindano yake.

Kazi ya baada ya hapo ilikuwa yangu, nayo ilikuwa ndefu kuliko upasuaji. Paka asiyekula si kama mbwa asiyekula. Akikaa siku mbili tatu bila chakula, hasa kama alikuwa mnene, mwili unaanza kumimina mafuta kwenye ini hadi ini linazidiwa. Kwa hiyo "atakula akijisikia" ni maneno ambayo kwa paka hayafai. Kwa ruhusa ya daktari nilimlisha kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kuku aliyesagwa na supu yake bila chumvi wala kitunguu, kidogo kidogo pembeni ya shavu, akilamba anameza, akikataa naacha. Siku ya tano akala dagaa mwenyewe. Nikaandika kwa herufi kubwa. Siku hizi nyuzi zangu ziko kwenye kopo lenye kifuniko, na wateja wanaouliza kwa nini paka hachezi tena wanapata hadithi nzima wakitaka wasitake.

Bobi naye alikuwa na tabia ya tumbo kulegea. Hakuwa mgonjwa wa kulala, choo tu hakitulii. Mume wangu alisema ni minyoo, akanunua dawa duka la mifugo, ya mbuzi, akapima kwa kifuniko cha soda. Choo kikatulia, kikalegea tena. Akanunua tena. Mimi nikarudi kwenye kurasa zangu za nyuma, nikapitisha kidole: Jumamosi, Jumamosi, Jumapili, Jumamosi. Minyoo haijui kalenda. Ijumaa ndiyo siku ya pilau kwetu, na masufuria yakikwanguliwa Bobi anapata ukoko wenye mafuta, vitunguu na mifupa ya kuku. Mafuta mengi kwa mpigo yanavuruga tumbo la mbwa na kuichokoza kongosho, vitunguu vinaharibu chembe nyekundu za damu yake, na mifupa iliyopikwa inapasuka ncha kali. Tulipokata pilau Jumamosi zikawa siku kama nyingine.

Minyoo nayo alikuwa nayo kweli, lakini si ile tuliyokuwa tukiitibu. Niliona punje kama za mchele zimeganda kwenye manyoya ya nyuma, na moja ikajivuta. Ni tegu, na tegu ya namna hiyo inaletwa na viroboto: lava wa kiroboto hula yai la mnyoo, akikua anakaa nalo, mbwa akijiguguna anammeza kiroboto na mnyoo wake. Ile dawa ya mbuzi haikuwa ya kazi hiyo, ilihitajika prazikwanteli, na hata hiyo ni bure kama viroboto wanabaki kwenye gunia analolalia. Tulichoma gunia.

Jambo jingine la Bobi liliniponyoka kidogo, nalo nalisema kwa sababu daftari halikunisaidia, nililiandika vibaya. Siku mbili baada ya Idi ya kuchinja niliandika "anaharisha". Alikuwa anachuchumaa kila mara, anajikamua, linatoka tone la maji yenye kamasi. Nikataka kumpa dawa ya kufunga kuhara. Daktari akaniuliza, "Umeona kinachotoka, au umeona anavyokaa?" Nilikuwa nimeona anavyokaa. Kwenda kutazama vizuri, kulikuwa na vipande vyeupe vikavu kama chokaa ya ukutani. Mbwa hakuwa anaharisha, alikuwa amezibwa na mifupa ya mbuzi, na yale maji yalikuwa yanapita pembeni. Dawa ya kufunga ingemfungia mlango kabisa. Alipewa dawa ya kumtuliza, akaoshwa utumbo kwa maji ya uvuguvugu, na kilichotoka ningeweza kupigia lipu banda la kuku.

Baada ya mkasa huo kijana wetu wa shamba akajiona mtaalamu wa mifupa. Alinipigia kuhusu mbwa mgeni aliyeingia shambani, taya limeninginia, udenda unatiririka, hawezi kumeza, akasema huyu mfupa umemkwama, naingiza mkono. Nilipiga kelele mpaka mteja akaangusha soda. Mbwa anayetokwa udenda na hamezi unaweza kuwa mfupa, na inaweza kuwa kichaa, na kichaa kikishaonyesha dalili kwa binadamu hakuna tiba. Hakuingiza mkono. Bwana mifugo wa kata alikuja kumshughulikia. Ukiumwa, au mate yakagusa kidonda, ni sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano, kisha hospitali ukapate chanjo siku hiyohiyo, hata jeraha liwe dogo la kuchekesha.

Dawa za kabatini ziliisha nyumbani kwangu kama dawa za wanyama. Dawa za maumivu za diklofenaki na jamaa zake zinatoboa tumbo la mbwa. Parasetamoli kwa paka ni sumu ya moja kwa moja, ini lake halina njia ya kuivunja. Wifi yangu bado anakuja na mafuta ya nazi. Nampaka Kitenge masikioni ili asijisikie vibaya, wifi yaani.

Mwaka ulipopita tukamchukua Pili. Alichanjwa ya kwanza akiwa na wiki saba huko alikozaliwa, tukaendelea kila baada ya wiki tatu mpaka akapita wiki kumi na sita. Nilimuuliza daktari kwa nini nyingi hivyo, nikidhani ni biashara. Kumbe kinga anayonyonya kwa mama yake ndiyo inayoizuia chanjo isishike, na hakuna ajuaye kwa kila mtoto kinga hiyo inaisha wiki ya ngapi, kwa hiyo unarudia ili usikose siku ile mlango unapofunguka. Dawa ya minyoo naye alianza mapema, maana mchango na safura wa mbwa hupitia kwa mama, kwenye maziwa, na mchango hata tumboni kabla ya kuzaliwa. Watoto wa binadamu nao wamo: mayai ya mchango yakikomaa kwenye udongo na mtoto akaupeleka mkono mdomoni, na zile safura za kwenye mchanga zinazochora mstari mwekundu unaotambaa kwenye unyayo. Kwa hiyo uani kwetu choo cha mbwa sasa kinaondolewa kila siku. Kinatazamwa kwanza.

Juzi nilikuwa nimemvisha bibi harusi gauni lake la majaribio, amesimama juu ya kigoda, pini kila mahali, mama yake na shangazi zake wamejaa kibarazani. Jirani yangu wa ukuta wa pili akatokea uchochoroni kwa mwendo wa haraka. Yeye alichukua mmoja wa watoto wa Kitenge, wa uzazi wa kabla sijamfunga kizazi. Mbwa bado hawapendi, lakini huyo paka analala miguuni pake. Mkononi ana kopo la siagi, limefungwa kwa mfuniko na mpira juu yake. Akasalimia wote kwa adabu, akaliweka juu ya meza yangu ya kukatia, sentimita chache kutoka kwenye mkia wa gauni.

"Kaanza usiku, mara tatu mpaka sasa," akasema. "Kutapika hajatapika. Sijafagia, fundi."

Mama bibi harusi akauliza ndani mna nini. Nikausogeza mkia wa gauni, nikaligeuza daftari nyuma.